Sufuria Iliyokwenda Ayalandi

Jambo lote lilinigharimu sufuria moja kubwa, ile ya kupikia ugali wa watu ishirini, pamoja na mbuzi nusu na Ijumaa nzima ya mapumziko. Nimehesabu, nikahesabu tena, jibu ni lile lile. Mbuzi tulimla wenyewe, kwa hiyo huyo nimemsamehe. Ijumaa nyingine zimekuja. Sufuria ndiyo haijarudi mpaka leo, na ubaya wake ni kwamba haikuwa yangu.

Siku hiyo, mwanangu, ilikuwa imeanza kunitoka kichwani. Ni wewe uliyenikumbusha juzi, nilipopita chumbani kwenu hapa Industrial Area ya Doha nikawakuta vijana watano mmeinamia simu kama kuku wanaodonoa. Nikauliza kuna nini. Mkanieleza kwamba mheshimiwa mmoja wa nyumbani amewanunulia bando ili mumsifu mtandaoni. Nikakuuliza wewe, "Amesema nini huyo mtu hata mnamwita simba?" Ukanijibu kwa adabu, "Mzee, hatujamsikiliza bado. Tumeanza na kusifu kwanza." Sikucheka. Yaani nilicheka, lakini nilingoja nifike nje.

Basi keti hapo kitandani, sogeza hizo ndala, nikusimulie. Mimi nilishawahi kupiga makofi kabla ya kusikiliza, na tena nilikodi watu wa kunisaidia.

Unaniona na mvi hizi, lakini nilikuja Doha kijana, mwenye nywele na mdomo. Nilitoka soko la Kongowea, Mombasa, nilikokuwa nauza suruali za mitumba. Huku nikapata kazi ya kumwendesha Mwairishi mmoja, mhandisi wa mabomba ya maji, jina lake Fintan, aliyekaa na mkewe kwenye kompaundi moja ya Al Rayyan. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na hakupenda kukaa kiti cha nyuma. Alikaa mbele, kando yangu, magoti yakigusa dashibodi, akizungumza njia nzima. Bosi mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja: kila jambo la kutia saini alilisogeza kesho.

Asubuhi moja akaniambia, "Mwakio, narudi nyumbani. Nagombea ubunge."

Moyo wangu ukapiga hesabu kabla ya kichwa. Enzi hizo, mwanangu, sheria haikuwa kama mnavyoikuta ninyi. Huwezi kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine bila barua ya ruhusa. Ukikosa barua, khalasi, unapandishwa ndege. Hoteli moja ilikuwa imekubali kunichukua niwe dereva wa wageni wake, inangoja barua hiyo tu. Na kule Voi mdogo wangu wa kike alikuwa katikati ya masomo ya uuguzi, akisomeshwa na usukani wangu. Barua nilishamwomba Fintan. Akasema kesho.

Nikajiwekea sheria: mpaka barua ile iingie mfukoni mwangu, mtu huyu hatasema neno nikaliona baya.

Kumbe alikuwa na maneno mengi. Kila siku, kutoka Al Rayyan mpaka kwenye mabomba yake, alifanyia mazoezi hotuba ndani ya gari. Huko kwao mgombea huulizwa ana msimamo gani juu ya kila kitu, cha nchi yake na cha Ulaya nzima, na ole wake akijibu kwa kucheza ngoma. Basi alikuwa na msimamo juu ya nyumba: vijana wa kwao hawapati pa kukaa, atajenga nyingi. Juu ya jeshi: nchi yake haina upande katika vita vya wakubwa, na itabaki hivyo. Juu ya samaki: meli za mataifa mengine ya Ulaya zinavua kwenye maji yao, ataenda kugonga meza. Juu ya ng'ombe: Ulaya inataka mito iwe safi, wafugaji wanaogopa kuambiwa wapunguze mifugo, na yeye atalinda mito na ng'ombe pia. Na mwishoni kabisa, wageni: wanaoingia nchini wapunguzwe, na wawekewe utaratibu.

"Unaonaje?" ananiuliza.

"Safi kabisa, bosi."

"Ile ya samaki haijazidi ukali?"

"Ukali wake ndio utamu wake, bosi."

Kesho yake anaipunguza ukali. Namwambia upole wake ndio utamu wake. Anatikisa kichwa, anaandika kwenye simu. Barua? Kesho.

Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Mimi nilisifu mvua nikiwa ndani ya gari, kiyoyozi kinapuliza, na mvua yenyewe iko Ayalandi.

Sasa ikabaki kama wiki moja aondoke. Akaniambia angependa kuijaribu hotuba mbele ya watu kabla hajafika kwao. Mkewe alishachoka kuisikia, alikuwa akiingia bafuni kila akiona simu imeshikwa juu. Nikamwambia, "Bosi, watu? Watu niachie mimi."

Yeye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akifikiria marafiki zangu watatu wanne, vikombe vya chai, na maswali. Mimi nimezaliwa Kenya. Mgombea akitaka watu, anataka watu. Nilikuja Industrial Area nikakusanya wanaume kumi na wanane: walinzi, mafundi bomba, mpaka dereva wa basi la kampuni, ambaye kwa hiyo alikuja na basi lake. Mbuzi nusu tukachanga. Mpishi alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Webuye, aliyetupikia kambini. Sufuria ilikuwa yake yeye mwenyewe, aliibeba kutoka nyumbani ndani ya sanduku, nguo kazifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alinikabidhi kwa mikono miwili, mpini mmoja umebonyea. "Mwakio," akasema, "hii sufuria imelea watoto wangu. Irudi."

"Itarudi, mzee."

Ndani ya basi nikawapa watu wangu maelekezo. Nikishika sikio moja, pigeni makofi. Nikishika mawili, simameni. Kijana mmoja wa Kisumu akauliza, "Na akisema kitu hatukipendi?"

"Wewe umekuja kupenda au umekuja kula?"

"Kula."

"Basi unapenda."

Tulipofika getini, mlinzi, Mkenya mwenzetu, akatazama basi, akanitazama mimi. "Hii ni harusi au matanga?"

"Ni siasa."

"Basi na mimi nina haki," akasema, akafuata harufu ya nyama mpaka uani.

Fintan alitoka amevaa shati la kijani, akasimama barazani. Alipowaona watu wale wote alibadilika rangi, na kwa mtu wa rangi ile si jambo dogo. Lakini akaanza. Akasema nyumba. Nikashika sikio. Makofi. Akasema jeshi. Makofi. Akaeleza kwamba kuna watu wa kwao wanaokata udongo wa kinamasi, wanaukausha na kuuchoma kama kuni, na Ulaya inawaambia waache. Mzee Barasa akaninong'oneza, "Wanachoma shamba?" Nikashika sikio. Makofi.

Mzee Barasa peke yake hakupiga. Alikaa kwenye ndoo aliyoipindua, mikono kaikunja, anasikiliza kama mtu anayepimiwa mchele.

Fintan akashusha karatasi yake. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasema, sauti ile ile, "Nikichaguliwa, sitakubali ng'ombe hata mmoja apunguzwe." Nilikuwa nimelizoea sikio, nikalishika. Makofi. Akasema, "Na nitapunguza ng'ombe wote kwa nusu." Makofi, tena makubwa zaidi, maana nyama ilikuwa imeanza kuiva na watu walikuwa na furaha. Akasema, "Jeshi letu lisiende popote." Makofi. "Jeshi letu liende kila mahali." Nilihisi kuna kitu, mwanangu, nikapeleka mikono kichwani kwa wasiwasi, na kwa bahati mbaya ikafika masikio yote mawili. Watu kumi na wanane wakasimama. Na mlinzi wa getini, wa kumi na tisa, ambaye hata maelekezo hakuyapata, akapiga mluzi.

Fintan akakunja karatasi yake. Akatushukuru wote, akasema tule. Aliponipita aliinama akaniambia polepole, "Wiki zote hizi ndani ya gari, Mwakio. Ulisikia hata neno moja?" Akaingia ndani. Hakuligusa lile shavu la mbuzi nililomwekea.

Nikajua barua imekwenda. Nililiona wazi: mimi uwanja wa ndege na begi langu, na mdogo wangu amesimama mbele ya ofisi ya chuo, anaambiwa arudi akiwa na karo.

Watu walikula vizuri sana. Tukaingia kwenye basi, na kwa ile aibu niliyokuwa nayo nikaisahau sufuria uani kwa Fintan. Mzee Barasa alikaa kando yangu. Basi lilipotoka getini akaniuliza, "Hivi wewe Kongowea ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Kuuza suruali, mzee. Unajua."

"Mteja akija, akashika kila suruali akasema safi kabisa bosi, safi kabisa bosi, ulikuwa ukimchukuliaje?"

Nikafikiri. "Hana nia ya kununua. Au ni mwizi."

"Basi leo umemwonyesha yule mzungu kwamba wewe ni mmoja wa hao wawili. Sasa hivi yuko ndani anaamua ni yupi."

"Mzee, nilikuwa namheshimu."

"Ungemheshimu ungeigeuza suruali ndani nje. Na sufuria yangu iko wapi?"

Nitakuelezea hapo, maana ninyi mnanunua nguo kwenye simu na hamjui. Mitumba, mnunuzi wa kweli haisifu. Anaishika suruali, anaigeuza ndani nje, anaiinua juani atazame mwanga unapopita. Anavuta zipu mara mbili, anatia kidole mfukoni, anakwambia, "Mfuko umetoboka, na hapa katikati ya miguu pamechoka." Muuzaji hakasiriki. Moyoni anafurahi, maana amejua huyu amekuja na nia. Anayesifu ndiye anayeondoka mikono mitupu. Kazi hiyo niliifanya miaka, tena kwa ustadi. Nilipofika Doha nikaivua na kuitundika, kwa kudhani huku hakuna suruali.

Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ilipoanza, Fintan alikaa mbele kama kawaida. Hotuba hakuitoa. Tulipoingia barabara kuu nikasema, "Bosi, naomba kuishika suruali yako."

Akanigeukia polepole sana.

Ikabidi nimweleze Kongowea yote, mpaka zipu. Alipoelewa, akaegemea kiti. "Haya. Ishike."

"Nianze na ng'ombe. Ng'ombe mmoja umewaahidi watu wawili. Mfugaji umemwambia hapungui. Mwenye mto umemwambia maji yatakuwa safi. Kwetu hiyo inaitwa kuuza suruali moja, kila mteja mguu wake. Siku ya kuvaa watakutafuta."

Akatoa simu, akaandika. "Jeshi?"

"Jeshi umesema halina upande. Sawa. Yule mlinzi wa getini kwako hana upande majirani wakigombana, na ndiyo heshima yake. Lakini ana tochi. Wewe umetuambia hutaki upande, hujatuambia kama tochi ipo."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Samaki."

"Samaki unataka kwenda Ulaya ukagonge meza. Gonga, ni samaki wenu. Lakini dakika iliyofuata ukasema Ulaya ndiyo iliyowasaidia barabara na wakulima. Mtu anayegonga meza asubuhi, kisha jioni anakuja kula juu yake, aangalie asimwage mchuzi. Waambie watu wako yote mawili kwa sentensi moja, usiwape ya asubuhi wengine na ya jioni wengine."

Sasa nilikuwa nimeshaingia sokoni, mwanangu, na muuza mitumba akishaingia sokoni hana breki. Nikamuuliza, "Zile nyumba nyingi, mafundi watatoka wapi?"

"Wachache kwetu. Wengine itabidi watoke nje."

"Nje ni hao hao uliosema wapunguzwe?"

Tukafika kwenye taa, nyekundu. Hapo mwenye akili angenyamaza akaangalia taa. Mimi nikasema, "Bosi, kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umeishi hapa miaka, umewawekea watu maji, na hakuna aliyekuuliza kwa nini hukubaki kwenu. Ndani ya gari hili tuko wageni wawili. Mmoja ana barua, mwingine anaingoja."

Taa ikawa kijani. Wa nyuma yetu wakapiga honi. Fintan akauliza, "Hilo ni tundu?"

"Si tundu, bosi. Hapo hakuna kitambaa kabisa."

Akasema, "Simamisha gari mbele pale."

Nikasimamisha kando ya kituo cha mafuta. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mdogo wangu. Fintan akafungua mkoba, akatoa bahasha, akaniwekea pajani. Ndani ilikuwa barua yangu, imetiwa saini na mhuri. Nikatazama tarehe. Alikuwa ameisaini Alhamisi, siku moja kabla ya makofi.

"Nilitaka nikupe Ijumaa baada ya hotuba," akasema. "Niwaambie watu kwamba wewe ndiye uliyenisikiliza wiki zote hizi. Halafu wale watu wakasimama kushangilia jeshi liende kila mahali, nikaona aibu kusema."

Nikahesabu: mbuzi nusu, basi, wanaume kumi na wanane na mlinzi, Ijumaa nzima. Nikahesabu tena. Vyote nilivitoa ili kununua kitu kilichokuwa tayari changu.

Sufuria nami niliisogeza kesho, kesho, mpaka Jumatano. Nilipofika, nyumba ilikuwa tupu. Wapakiaji walipewa amri ya kubeba kila kitu, nao ni watu waaminifu, walibeba kila kitu. Kontena lilikuwa bandarini. Mzee Barasa nilimnunulia nyingine, mpya, inang'aa. Aliigonga kwa ukucha, akaisikiliza, akasema, "Hii inasema kopo." Alishastaafu, yuko Webuye, na kila Krismasi hunipigia simu. Anauliza hali yangu, ya watoto, kisha anaacha kimya kirefu, na mimi najua kimya hicho kinamaanisha nini.

Fintan alishindwa uchaguzi ule. Aliniandikia kwamba ng'ombe walimshika, maana hakuliziba tundu lile vizuri. Lakini sehemu ya wageni aliitoa yote akaandika upya. Sasa anagombea tena, safari hii anataka kiti cha kwenda kuiwakilisha nchi yake huko Ulaya, na wiki iliyopita alinitumia video. Amesimama mbele ya watu, anawaambia, "Niliwahi kuwa ndani ya gari na mgeni mwenzangu. Mmoja wetu alikuwa na barua, mwingine alikuwa anaingoja." Watu wakatulia, kisha wakapiga makofi. Niliitazama mara mbili, mwanangu, nikichunguza. Hakuna aliyeshika sikio.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chenye kukodi watu wa kukisifu, usikiguse kabla hujakigeuza ndani nje. Akija anayetaka kura yako, au kazi yako, au mkono wako wa ndoa, mshikie suruali juani umwambie pamechoka wapi. Akikasirika, huyo hakuwa na nguo, alikuwa na kelele. Akikushukuru, kaa naye. Na usimsifu mtu kwa kuogopa atakunyima, maana pengine kile unachokiogopea kishatiwa saini tangu Alhamisi, na wewe unachinja mbuzi. Rudisheni hilo bando. Au litumieni kumsikiliza, kwanza mara moja, halafu tena.

Mungu akukuze, akupe mwajiri mwenye kalamu nyepesi na rafiki mwenye jicho la mnunuzi. Akulinde barabarani na jua la mwezi wa saba, na akurudishe kwenu na kila ulichokuja nacho.

Hapo kwenye kila ulichokuja nacho ndipo ninapohitaji na wewe unisaidie. Ile video, niliitazama mara ya tatu. Mwanzoni kabisa, kabla hajafika kwenye mkutano, Fintan anatoka nyumbani kwake, na kando ya mlango kuna sufuria kubwa imepandwa maua ya njano. Mpini mmoja umebonyea. Ni yenyewe. Wewe una kalamu nzuri na unazijua siasa za sasa, nishauri: nimwandikie sasa, wakati wa kampeni, bado ana masikio? Au ningoje ashinde? Maana nawaogopa hawa watu wakishashinda. Nitamdai sufuria ya Mzee Barasa, aniambie suala hilo lina msimamo wa Ulaya nzima.